Maswali na majibu: Lacaze-Duthiers, Mfaransa aliyewafuata konokono hadi baharini

Mwezi uliopita, nilipomjibu msomaji aliyeuliza rangi ya zambarau ya wafalme wa kale ilitoka wapi, nilimtaja kwa sentensi moja mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, Henri de Lacaze-Duthiers. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na karibu zote zinamhusu yeye. Nafasi yote ya leo basi nampa yeye.

Huyu Lacaze-Duthiers ni nani hasa? Katika vitabu vyetu vya shule simwoni. Naomba maisha yake kwa ufupi niwasimulie wanafunzi wangu. (Mwalimu wa Baiolojia, Morogoro)

Mwalimu, habari za kazi. Alizaliwa tarehe 15 Mei 1821 huko Montpezat, kusini-magharibi mwa Ufaransa, akafariki tarehe 21 Julai 1901 akiwa na umri wa miaka 80. Alisomea udaktari mjini Paris, akahitimu mwaka 1851, na miaka miwili baadaye akapata shahada ya uzamivu ya sayansi. Utafiti wake wa uzamivu, ajabu ni kwamba, ulihusu wadudu. Bahari ilikuja baadaye.

Mwaka 1854 alipewa kiti cha uprofesa wa zoolojia katika mji wa Lille, kaskazini. Mkuu wa kitivo cha sayansi aliyempokea pale ni mtu ambaye wanafunzi wako wanamjua vizuri: Louis Pasteur, ambaye wakati huo alikuwa bado anahangaika na uchachukaji wa pombe na hajafika kwenye chanjo. Miaka ya Lille ndiyo iliyozaa kazi zake kubwa za mwanzo juu ya moluska. Mwaka 1865 alipata uprofesa katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Paris, kwenye kiti kilichosimamia moluska, minyoo ya pingili na wanyama wa jamii ya matumbawe. Kutoka hapo akahamia Sorbonne, chuo kikuu cha Paris. Mwaka 1871 alichaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi.

Ukiwa na muda wa jambo moja tu darasani, waambie kuhusu mwaka 1872. Mwaka huo mmoja alianzisha jarida la zoolojia ya majaribio, akafungua kituo cha utafiti wa bahari huko Roscoff, na akachapisha kazi zake mbili muhimu kuhusu neva za konokono. Alikuwa na miaka 51. Nitarudi kwenye kila kimojawapo hapa chini.

Daktari wa binadamu anahamaje kwenda kwa konokono? (Muuguzi, Nakuru)

Kwa zama zake haikuwa ajabu. Njia ya kawaida ya kijana wa Ufaransa aliyependa wanyama ilikuwa kupitia kitivo cha tiba, kwa sababu pale ndipo mtu alifundishwa kupasua mwili, kutenga mshipa na neva bila kuzikata, na kuchora alichokiona. Lacaze-Duthiers alichukua ustadi huo wa kisu akaupeleka kwa viumbe vidogo kuliko kidole gumba. Ukitazama michoro yake unaona mkono wa mtu aliyefundwa hospitalini: kila uzi una mahali unapoanzia na mahali unapoishia.

Uliandika kwamba zambarau ya wafalme ilitoka kwa konokono. Warumi waliijua rangi hiyo tangu zamani. Huyu Mfaransa aligundua nini kipya? (Mfanyabiashara wa vitambaa, Mombasa)

Swali zuri, na nitakaa nalo kidogo.

Rangi yenyewe ni ya kale kweli. Wafoinike wa Tiro na Sidoni, katika Lebanoni ya leo, waliifanyia biashara karne nyingi kabla ya Kristo, na waandishi wa Kirumi waliacha maelezo ya namna ya kuitengeneza. Lakini kufikia karne ya 19 ufundi huo ulikuwa umekufa siku nyingi katika nchi za Mediterania. Wasomi walibishana wakiwa wameinamia vitabu vya Kilatini: konokono yupi hasa? Sehemu gani ya mwili? Rangi ikitoka huwa ni nyekundu, bluu au zambarau? Wengi walinukuu maneno ya kale, na wachache tu ndio waliomshika konokono mwenyewe mkononi.

Mwaka 1858 Lacaze-Duthiers alikuwa Mahon, katika kisiwa cha Menorca, akifanya utafiti mwingine kabisa. Alikuwa ameajiri mvuvi wa pale amsaidie kukusanya wanyama. Siku moja akamwona mvuvi yule anavunja gamba la konokono, anachovya kijiti kwenye nyama yake, kisha anachora alama kwenye nguo zake. Alama zilionekana za manjano hafifu, kama mtu amedondosha mchuzi. Alipomuuliza, mvuvi alimjibu kwamba ndivyo wanavyotia alama nguo zao zisichanganyike, na kwamba jua likipiga zitageuka. Profesa akampa nguo yake na yeye aichore. Manjano ikawa kijani, kijani ikawa zambarau, na harufu kali ya kuchukiza ikapanda pamoja na rangi.

Angeweza kuishia hapo, akaandika barua ya kurasa mbili akajisifu. Yeye aliacha alichokuwa akifanya, akaanza kuwapasua konokono aina kwa aina. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1859 alionyesha kwamba rangi hutoka kwenye ukanda mwembamba wa tezi uliopo chini ya ngozi laini inayofunika mgongo wa konokono, karibu na utumbo wa mwisho. Alionyesha kwamba konokono wa Mediterania wanaoitoa ni zaidi ya mmoja: wawili wa jamii iliyoitwa Murex na mmoja aliyeitwa Purpura. Jambo la tatu, ambalo mimi naona ndilo tamu zaidi, ni kwamba majimaji hayo yakiwa bado ndani ya mnyama hayana zambarau yoyote. Mwanga ndio unaoileta. Alilithibitisha kwa kupaka hariri ute wa tezi, kufunika sehemu na kuacha sehemu, kisha kuianika juani. Sehemu iliyopata jua iligeuka, iliyofunikwa ikabaki. Akaenda mbali zaidi, akatengeneza picha kamili kwenye kitambaa kwa njia hiyohiyo. Hebu fikiria: picha iliyosafishwa kwa jua na ute wa konokono, katika miaka ambayo upigaji picha wenyewe ulikuwa bado mchanga.

Kemia ya rangi hiyo ilifunguliwa baada ya yeye kufa. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alikamua konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi safi, na akagundua kwamba ni ndugu wa nili iliyoongezewa bromini. Gramu 1.4 kwa konokono 12,000! Wewe unayeuza vitambaa utaelewa haraka kuliko mimi kwa nini joho la zambarau lilikuwa la mfalme.

Na yule mvuvi? Lacaze-Duthiers aliliweka tukio lile wazi katika maandishi yake, hakujifanya kwamba alianza mwenyewe. Nampenda kwa hilo. Wasomi wengi wa karne ile walichukua maarifa ya wavuvi na wakulima wakayaita yao.

Je, konokono wa namna hiyo wapo pwani yetu? Naweza kuwakusanya nikajaribu? (Msomaji, Kilwa)

Jamii yenyewe ipo. Wale kome wakubwa wenye matawi na miiba kwenye gamba, wanaouzwa kama mapambo kando ya barabara za hoteli, ni wa ukoo huohuo mmoja na konokono wa Wafoinike, na wapo wadogo wengine wanaoshikamana na miamba. Ukoo wote una tezi ile. Lakini nakusihi usiende kuvunja makome kwa ajili ya doa la rangi. Hesabu ya Friedländer umeiona hapo juu. Ndani ya hifadhi nyingi za bahari kuchukua makome ni marufuku, na kome wakubwa wamepungua sana mahali wanapouzwa kwa watalii. Ukitaka kuiona rangi, mtafute mmoja tu ambaye tayari anaenda kuliwa, chovya kijiti, chora kwenye kitambaa cheupe cha pamba, kiweke juani. Kaa upande upepo unakotoka.

Tumefundishwa makundi ya moluska: konokono, chaza, pweza, kisha kuna lile la Scaphopoda ambalo mwalimu alilitaja kwa jina tu akapita. Huyu bwana alihusika nalo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara)

Alihusika sana, mwanangu.

Mnyama anayezungumziwa ni Dentalium. Gamba lake lina umbo la pembe ya tembo ndogo, limepinda kidogo, na liko wazi ncha zote mbili. Anaishi amejifukia mchangani kichwa chini, ncha nyembamba tu ikichungulia juu kuvuta maji. Hana macho, hana matamvua. Kuzunguka mdomo wake kuna nyuzi nyembamba nyingi zenye vichwa vya kunata, anazozipenyeza katikati ya chembe za mchanga kutafuta vijidudu vyenye gamba asivyoweza kuviona.

Kiumbe wa namna hii umweke wapi? Cuvier, aliyekuwa mkubwa wa wataalamu wa wanyama Ufaransa mwanzoni mwa karne ile, alimweka na minyoo wanaoishi kwenye vifuko. Mwaka 1825 Mfaransa mwingine, Deshayes, aliupasua mwili wake akasema hapana, huyu ni moluska. Ubishi haukuisha. Ndipo Lacaze-Duthiers akaenda ufukweni Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, akawachimba, akawaweka hai ndani ya vyombo vya maji ya bahari, akasubiri watage.

Kungoja huko ndiko kulikomaliza ubishi. Mtu akimtazama mzima peke yake anaona mnyama wa ajabu tu. Akimfuata tangu yai linaporutubishwa, kiluwiluwi kinapoogelea kwa vinyweleo vyake, gamba linapoanza kama tandiko dogo mgongoni kisha kingo zake mbili kukutana tumboni na kufunga mrija, anaona undugu wake na chaza upande mmoja na konokono upande mwingine. Maelezo yake yalitoka mwaka 1856 na 1857, kurasa mamia juu ya mnyama mmoja, na alipendekeza apewe kundi lake mwenyewe, akaliita Solénoconques. Mwaka 1862 Mjerumani Bronn alilipa jina la Scaphopoda, na hilo ndilo lililoshika. Jina la Lacaze-Duthiers likapotea, ila kundi lilibaki palepale alipoliweka.

Kwa mtihani wako: magamba yaliyo wazi ncha mbili, mguu wa kuchimbia, nyuzi za kunasia chakula, hana matamvua. Kwa faida yako mwenyewe: mwaka 1904 Mmarekani E. B. Wilson alitumia mayai ya Dentalium katika majaribio yaliyoonyesha kwamba vipande tofauti vya yai moja vimeshapangiwa kazi tofauti mapema kabisa. Mnyama aliyedhaniwa mnyoo akawa mwalimu wa somo la uzazi.

Mama mkwe wangu ana mkufu wa marijani ya fedhaluka aliourithi. Mjukuu amemwambia kwamba ile ni mnyama. Yeye anashikilia kwamba ni mti wa baharini, na wengine nyumbani wanasema ni jiwe. Tafadhali tuamulie. (Msomaji, Muscat)

Mpe mama salamu na heshima zangu, na umwambie kwamba watu waliofikiri kama yeye walikuwa wanachuoni wakubwa. Mwaka 1706 Mwitaliano Marsigli aliweka tawi la marijani ndani ya maji, akaona vitu vyeupe vyenye miguu minane vikichanua, akatangaza kwamba amegundua maua yake. Ushahidi ulikuwa mzuri, kosa likawa kwenye kuutafsiri.

Daktari mmoja wa Marseille, Peyssonnel, alifanya jaribio hilohilo katika miaka ya 1720 kwenye pwani ya kaskazini mwa Afrika na kuona kwamba maua yale yakiguswa yanajikunja, kama afanyavyo mnyama. Aliandika Paris. Mwanasayansi mashuhuri Réaumur, aliyeyasoma maelezo yake mbele ya Akademia, aliona wazo hilo ni la aibu kiasi kwamba alificha jina la mwenyewe ili kumsitiri. Ilichukua miaka mingine mpaka Peyssonnel akubaliwe.

Lacaze-Duthiers aliingia kwenye habari hii mwaka 1860. Ufaransa ilikuwa imeitawala Algeria kwa miaka 30, na serikali ilitaka kujua marijani ya La Calle, karibu na mpaka wa Tunisia, inazaaje na ivuliwe vipi. Wavuvi wenyewe wengi wao walikuwa Waitaliano. Tusifiche kwamba safari hiyo ilikuwa ya dola la kikoloni lililotaka faida. Hata hivyo alichokiona pale ni sayansi ya kweli. Swali la kama marijani ni mnyama lilikuwa limekwisha. Lililobaki ni anazaliwaje. Alikaa na wavuvi, akaweka matawi mabichi kwenye vyombo, akabadilisha maji, akayalinda. Hatimaye akaona viluwiluwi vyeupe kama viminyoo vikitoka kwenye midomo ya yale "maua", vikaogelea huku na huku, vikashikamana, na kila kimoja kikaanza kujenga tawi jipya. Kitabu chake cha mwaka 1864 kina michoro ya rangi ya hatua hizo zote.

Kwa hiyo jibu: mkufu wa mama ni mifupa ya wanyama wengi wadogo walioishi pamoja katika umbo la mti, na mifupa hiyo ni ya chokaa, yaani jiwe. Kila mmoja nyumbani ana kipande cha ukweli, lakini mjukuu ndiye aliyeshinda. Uutunze. Tawi la marijani halinenepi hata nusu milimita kwa mwaka, na shanga nene za siku zile zilitoka kwenye matawi ambayo siku hizi hayapatikani kirahisi.

Utafiti wa neva za konokono una faida gani kwa tiba? Au ni udadisi tu? (Mwanafunzi wa udaktari, Kampala)

Ulianza kama udadisi, na sioni ubaya wa hilo.

Konokono wana vifuko viwili vidogo vyenye chembe za mawe ndani, vinavyowasaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa wengi wao vifuko hivi vimelala juu kabisa ya mafundo ya neva ya mguu. Wengi waliopasua konokono walisema basi vinatumikiwa na neva za mguu, maana vimegusana nazo. Lacaze-Duthiers hakuridhika. Chini ya kioo cha kukuzia, kwa sindano, alifuatilia uzi mwembamba kuliko unywele kutoka kwenye kifuko, ukapita kando ya fundo la mguu bila kuingia, ukapanda mpaka fundo la kichwa. Akarudia kwa aina baada ya aina. Kote ilikuwa hivyo. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1872, na hoja yake ilikuwa kwamba kiungo hutambulika kwa kile kilichounganika nacho, mahali kilipolala pasikupumbaze. Kwa njia hiyohiyo aligundua kwa konokono wa maji baridi kiungo kidogo cha kuonja maji, ambacho kwa muda mrefu wataalamu walikiita kiungo cha Lacaze.

Ramani za neva za namna hii ndizo zilizowafanya watu wa karne ya 20 wajue moluska wanafaa kwa majaribio. Aplysia, yule konokono wa baharini mnene asiye na gamba la nje, ambaye Lacaze-Duthiers naye alimchunguza, ana seli kubwa za neva ambazo baadhi yake zinaonekana kwa macho. Eric Kandel alikwenda Ufaransa mwaka 1962 kujifunza kumtumia mnyama huyu kwa Ladislav Tauc, na kazi yake juu ya namna kumbukumbu inavyohifadhiwa ilimpatia Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000. Ukifika somo la kumbukumbu katika fiziolojia utakutana na konokono huyo.

Kwa nini alihangaika kujenga vituo viwili vya bahari wakati alikuwa na kazi nzuri Paris? Nani alilipa? (Afisa uvuvi mstaafu, Zanzibar)

Mzee wangu, shikamoo. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Nianze na haki ya wengine. Kituo cha kwanza cha bahari Ufaransa hakikuwa chake. Mfaransa mwenzake, Coste, alikianzisha Concarneau mwaka 1859. Na mwaka uleule wa 1872 Mjerumani Anton Dohrn alikuwa anajenga kile cha Napoli. Wazo lilikuwa hewani. Ila Lacaze-Duthiers alikuwa na sababu zake. Ufaransa ilikuwa imetoka kupigwa vibaya na Prussia, na yeye alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba nchi yao imezembea katika sayansi. Pia alikuwa na ugomvi wa hoja na Claude Bernard, yule mwanafiziolojia maarufu, aliyesema kwamba zoolojia ni elimu ya kutazama tu. Lacaze-Duthiers alijibu kwamba anayetazama maiti ndani ya chupa za pombe kweli anatazama tu. Anayemweka mnyama hai, akambadilishia hali na kumfuata uzao hadi uzao, anafanya majaribio. Kwa kazi hiyo mtu anahitaji maji ya bahari yaliyo mlangoni.

Alitembea pwani ya Brittany akitafuta mahali, akachagua Roscoff. Wewe utaelewa sababu yake mara moja: bamvua. Kwetu Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4. Roscoff hufika karibu mita 9. Maji yakipwa, miamba, mchanga, majani ya bahari na madimbwi vinabaki wazi eneo kubwa mno, na mtu anaokota kwa mkono wanyama ambao kwingine wangehitaji wavu. Alianza kwa nyumba ndogo ya kupanga, vyombo vichache na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole. Kituo kilikua nyumba hadi nyumba karibu na kanisa la mji.

Lakini majira ya baridi Roscoff hapafai; upepo na dhoruba. Ndipo alipotafuta bandari ya pili kusini, kwenye Mediterania, ambako maji kupwa na kujaa hayafikii hata mita moja, na wanyama ni wengine kabisa. Wakazi wa Banyuls, kijiji cha wavuvi na walima zabibu karibu na Hispania, walimwomba aende kwao, wakatoa ardhi, fedha na mashua. Mwaka 1882 Maabara ya Arago, iliyopewa jina la mwanafizikia mzaliwa wa jimbo lile, ikawa imesimama. Kiangazi alifanya kazi Roscoff, baridi ikiingia akahamia Banyuls. Mwaka 1893 Mwanamfalme Roland Bonaparte aliipatia maabara meli ya mvuke, wakaiita Roland, nayo ikawawezesha kukokota nyavu kwenye kina kirefu.

Hapo Banyuls, mwaka huohuo wa 1893, mwanafunzi wake Louis Boutan, naye mtaalamu wa konokono, alivaa vazi zito la mpiga mbizi lenye kofia ya shaba, akateremka na kamera ndani ya sanduku lisilopitisha maji. Ilimbidi aiache kamera wazi muda mrefu, mara nyingine nusu saa, ili mwanga hafifu uandike picha. Ni kati ya picha za kwanza kabisa zilizopigwa chini ya bahari duniani.

Umeuliza nani alilipa. Serikali ililipa sehemu, wenyeji wa Banyuls sehemu, wafadhili sehemu. Wasiolipa ni watafiti. Napoli, chuo au nchi ilikodi meza kwa ajili ya mtu wake. Roscoff na Banyuls, mtafiti wa taifa lolote alipewa meza, hadubini, vyombo, wanyama na mahali pa kulala bure. Emil Racoviță alitoka Romania akiwa mwanafunzi, akasoma kwa utaratibu huo, akaenda Antaktika na meli ya Belgica, kisha mwaka 1900 akawa naibu mkurugenzi wa Banyuls. Nchi nyingi leo zinatoa hotuba kuhusu kukuza vipaji. Huyu mzee alitoa meza na kitanda.

Vituo vyote viwili bado vinafanya kazi chini ya Chuo Kikuu cha Sorbonne. Maji ya mbele ya Banyuls yalitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1974, ya kwanza ya namna yake Ufaransa, na korongo la chini ya bahari lililo jirani, lenye matumbawe ya maji baridi, linaitwa Lacaze-Duthiers.

Nimesoma kwamba alikuwa mkali na aligombana na wanafunzi wake. Ni kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Kweli. Aliyejulikana zaidi ni Alfred Giard, kijana hodari aliyekuwa msaidizi wake. Giard alikuwa mfuasi moto wa Darwin na nadharia yake ya mageuko ya viumbe. Mwalimu wake alisita sana, hakupenda nadharia pana zisizotoka moja kwa moja mezani penye mnyama. Walifarakana, na Giard akaenda kufungua kituo chake Wimereux mwaka 1874. Kwa suala la Darwin, mwanafunzi ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi nasema hivyo pamoja na mapenzi yangu kwa mzee. Lakini wengine walibaki naye na kumrithi: Yves Delage alishika Roscoff, Pruvot akashika Banyuls.

Nimemaliza shahada ya kwanza, napenda makombe na konokono wa baharini tangu utoto, lakini watu wananiambia hakuna kazi huko. Nianzie wapi? (Binti wa Tanga)

Binti yangu, kazi ipo, ingawa haitangazwi magazetini kila wiki. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iliyoko Mombasa, zote zina watu wanaofanya kazi na pweza, chaza na kome. Ufugaji wa chaza wa lulu na upumzishaji wa maeneo ya kuvulia pweza unahitaji watu wanaojua wanyama hawa wanazaa lini na wapi. Andika barua fupi kwa mtafiti mmoja, taja kazi yake uliyoisoma, omba kujitolea kwenye kukusanya takwimu.

Wakati unangoja jibu, usikae nyumbani. Chagua kipande kimoja cha pwani unachoweza kukifikia kwa miguu, uende kila bamvua. Ongozana na akina mama wanaochokoa pweza na kuokota kome. Wanajua mengi ambayo hayajaandikwa popote, waulize na uandike jina la anayekufundisha. Chagua aina moja tu ya konokono. Mhesabu, mpime, mchore, tazama mayai yake yanatokea mwezi gani na yamebandikwa wapi, kisha mrudishe palepale ulipomtoa na jiwe ulilolipindua ulilaze kama lilivyokuwa. Tarehe, saa, hali ya maji, kila safari. Daftari la mwaka mzima la aina moja lina uzito mbele ya mtafiti kuliko cheti cha semina, na huenda likawa sura ya kwanza ya shahada yako ya pili. Ukilifikisha miezi mitatu, niandikie uniambie umemchagua yupi.